Gari Lililokata Nguvu Mlimani na Kupona Gereji

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile una mistari michache tu, kwa mwandiko wa mdogo wangu aliyekuwa amekaa kiti cha abiria: "Saa 5:40. Kilomita 212. Gia ya tano, kilima kirefu. Mafuta chini kidogo ya nusu. Limekata nguvu polepole, limerudi lenyewe." Hakuandika kwa kuwa anayajua magari. Nilimwomba aandike, sauti ikinitetemeka, kwa sababu dakika mbili kabla nilikuwa nimetoka upande wangu wa barabara kulipita lori, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari likaacha kunijibu.

Nataka niieleze hali ile kwa utaratibu, kwa sababu namna gari linavyokosa nguvu ndiyo ushahidi wa kwanza kabisa, na wengi wetu huupoteza kwa kusema tu "gari halivuti." Halikushtuka. Halikumisi, yaani hakuna silinda iliyoruka mwako. Hapakuwa na mlio wa ajabu, wala moshi, wala taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu anafunga bomba la maji taratibu: mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa umefika 3,500 kwa dakika, ukaanza kushuka, na mwendo ukashuka nao. Mguu wangu ulikuwa sakafuni. Lori nililokuwa nalipita likaanza kunipita mimi. Nikawasha taa za dharura, nikarudi nyuma yake, nikaachia mafuta. Baada ya sekunde chache tukafika juu ya kilima, barabara ikanyooka, na gari likaenda kama halijawahi kuugua.

"Kaka, nini hicho?" mdogo wangu aliuliza. Sikuwa na jibu. Ndipo nikamwambia atoe daftari.

Safari yetu ilikuwa ya kilomita 1,400 na tulikuwa hatujamaliza hata robo yake. Gari ni la petroli, la silinda nne, lina umri wake, lakini tulilifanyia huduma yote kabla ya kuondoka: oili, breki, matairi, maji ya rejeta. Baada ya hapo lilikata nguvu mara mbili zaidi, kilomita 241 na kilomita 268. Kila mara kwenye mlima, kila mara polepole. Mara ya tatu halikurudi lenyewe. Nililivuta pembeni likienda kwa kujikokota, nikaweka pembetatu nyuma, tukakaa. Baada ya robo saa nikaliwasha. Lilinguruma vizuri. Nikalikanyaga mafuta pale pale liliposimama, mizunguko ikapanda mpaka 4,000 bila kusita.

Hapo ndipo mtu hudanganyika. Injini isiyobeba mzigo inahitaji mafuta kidogo sana. Ukiikanyaga gari likiwa limesimama, unaona mizunguko mingi na kudhani umeipima, kumbe hujaipima hata kidogo. Kazi ya injini haimo katika mizunguko peke yake. Imo katika kulisukuma gari lenye watu na mizigo kupanda mlima kwa gia kubwa. Nililijua hilo kinadharia. Pembeni ya barabara, jua likiwaka, nilitaka sana kuamini kwamba limepona.

Hata hivyo tulifanya tulichoweza bila vifaa, na baadhi ya majibu yalisaidia kuliko nilivyotarajia. Breki inayong'ang'ania hulifanya gari lionekane halina nguvu, kwa hiyo nilipitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Zote nne zilikuwa na joto linalofanana. Klachi inayoteleza huifanya mizunguko ipande huku mwendo ukibaki palepale. Kwetu vyote viwili vilishuka pamoja, kwa hiyo klachi haikuwa na hatia. Sensa ya krenkishafti, ile inayohesabu mizunguko ya injini, ikifa kwa joto, mara nyingi mshale wa mizunguko huanguka sifuri ghafla na injini huzimika kabisa, si kwa kufifia. Koili au plagi mbovu hulifanya gari lishtuke, limisi, litikisike. Ekzosi iliyoziba kwa kawaida hubana wakati wote, na hairudishi nguvu kwa sababu tu umepumzika robo saa. Na ile hali ambayo kompyuta ya gari huipunguzia injini nguvu ili kuilinda mara nyingi huja na taa, na mara nyingi haiondoki mpaka uzime ufunguo na kuwasha tena.

Kilichobaki kilikuwa kitu kinachozuia petroli isifike kwa wingi. Jambo la kwanza nililoliwaza ni upumuaji wa tangi. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Njia ya hewa ikiziba, tangi hujinyonga lenyewe na pampu hushindwa kuvuta. Jaribio lake ni rahisi: gari linapokata nguvu, simama, fungua mfuniko wa tangi, usikilize kama hewa inavutwa ndani kwa nguvu. Tulifungua. Kimya. Nikaliondoa kwenye orodha kwa masikitiko, maana lilikuwa ndilo tatizo la bei rahisi kuliko yote.

Kilomita ya 290 tulikuta gereji. Fundi alikuwa mchangamfu na mwenye haraka. Alilisikiliza gari likiwa limesimama, akasema plagi. Akabadilisha plagi zote nne na filta ya mafuta iliyo nje ya tangi, akachomeka mashine yake, akafuta kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla sijakiona. Sikumzuia, na hilo bado linanisumbua. Kompyuta ya gari haiwashi taa kwa kila kosa mara ya kwanza. Makosa mengi lazima yajirudie katika safari mbili tofauti ndipo taa iwake. Lakini kosa linalosubiri huwa tayari limeandikwa ndani, na kosa likishathibitika kompyuta hutunza pia hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo, mizunguko, joto la maji, mzigo wa injini. Ule ulikuwa ushahidi wa mashahidi walioona tukio kwa macho yao. Ulifutwa kwa kubonyeza kitufe.

Tukajaza tangi pale karibu, tukaondoka. Na gari likaenda! Milima miwili mirefu, jua la saa nane, gia ya tano, hakuna kitu. Mdogo wangu aliandika "Limepona" na kupiga mstari chini yake. Tulikwenda zaidi ya kilomita 300 namna hiyo. Nilianza hata kumwonea haya yule fundi kwa mashaka niliyokuwa nayo juu yake.

Kilomita 631, jioni, likakata nguvu.

Usiku ule, tulipolala, mdogo wangu ndiye aliyeona. Alikuwa amelifungua daftari mezani, ananisomea kila tukio kwa sauti kana kwamba anasoma mahudhurio darasani, na alipofika la nne akanyamaza. "Kaka, zote nne mafuta yako chini ya nusu." Nikamwambia ni bahati tu, kwa sababu gari lolote litakaloendeshwa siku nzima litapita chini ya nusu. Akasema, "Basi niambie ni lini lilikata nguvu tangi likiwa limejaa." Nikatafuta. Hakuna hata mara moja.

Na hapo nikaelewa tulichokifanya pale gereji. Tulibadilisha vitu vitatu kwa mpigo: plagi, filta, na kiwango cha mafuta kwenye tangi. Gari lilipokwenda vizuri, sifa zote tukazipeleka kwa plagi na filta kwa sababu ndizo tulizozilipia. Kumbe huenda kilichotufikisha kilomita 300 ni petroli yenyewe, kwa kuwa nyingi. Ukitaka kujua kilichoponya, badilisha kimoja, uende nacho mpaka mahali ambapo ugonjwa ulikuwa unatokea, ndipo uguse kingine. Ni kazi ya uvumilivu na inachosha ukiwa ugenini na safari mbele yako, lakini njia nyingine ni kununua vifaa na kukisia.

Kwa nini kiwango cha mafuta kiwe na maana? Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi pampu iko ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipooza. Tangi likijaa, pampu inaogelea. Tangi likipungua, pampu inabaki wazi zaidi, na petroli kidogo iliyobaki nayo inapata joto. Pampu nzima inastahimili. Pampu iliyochoka, au umeme unaoifikia kwa taabu, hapo ndipo huonyesha udhaifu wake. Uwezekano mwingine ulikuwa uchafu: takataka ndani ya tangi huvutwa na kuganda kwenye chujio la pampu, na ukizima injini huachia na kuzama tena. Nao hupona kwa kupumzika. Kwa hiyo tulikuwa na washukiwa watatu, wote ndani ya tangi au juu yake, na tulihitaji vipimo, si maoni.

Asubuhi hatukuongeza mafuta. Mdogo wangu hakupenda, nami sikupenda, lakini kama ugonjwa huonekana chini ya nusu tangi basi tulihitaji kubaki chini ya nusu tangi. Tulikubaliana kwamba sitalipita gari lolote siku ile, tutakaa upande wa magari ya taratibu, na pakianza kuwa na dalili taa za dharura ziwake kabla ya kitu kingine chochote.

Nilikuwa nimebeba kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye ile soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, kinachopeleka namba kwenye simu. Soketi hiyo ni ya lazima kwa magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo magari mengi yanayotembea leo yanayo. Watu hukitumia kusomea makosa tu. Thamani yake kubwa iko kwenye namba zinazobadilika gari likiwa mwendoni, na kati ya hizo ninayoipenda kuliko zote ni ya marekebisho ya mafuta.

Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huiambia kompyuta kama mchanganyiko umepungukiwa, na kompyuta huongeza au hupunguza muda wa kufungua nozeli, vile vinyunyizi vya petroli. Hayo marekebisho huonyeshwa kwa asilimia. Yakicheza karibu na sifuri, au hata kufika 5 au 8 juu na chini, hakuna shida. Yakipanda kuelekea 20, kompyuta inalia kwamba inaagiza petroli na haiipati. Na mahali yanapopanda pana maana kubwa. Kama kuna hewa inayovuja kuingia baada ya sensa inayopima hewa ya injini, marekebisho huwa mabaya injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, kisha hupungua ukiongeza mwendo, kwa sababu ule uvujaji unakuwa sehemu ndogo ya hewa yote. Kama ni petroli isiyofika, huwa kinyume: gari likiwa limesimama namba ni nzuri, na zinaharibika kadiri mzigo unavyoongezeka.

Mdogo wangu alisoma namba kwa sauti. Tumesimama: 2. Tambarare: 4. Kilima cha kwanza: 9. Kilomita 702, mlima mrefu, mafuta yakikaribia theluthi: 16, 21, 24, na nguvu ikaanza kufifia chini ya mguu wangu. Niliachia, tukapanda kwa gia ya pili kando ya barabara kama mkokoteni. Safari hii sikuogopa. Nilifurahi, na sioni aibu kusema hivyo. Kwa mara ya kwanza kosa lilikuwa limetokea mbele ya shahidi. Tuliposimama tukasoma kumbukumbu: P0171, lililo katika hali ya kusubiri. Maana yake mchanganyiko umepungukiwa mafuta.

Fundi wa pili tulimpata kilomita 740 hivi. Mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilianza kumwambia nadhani ni pampu, akanyanyua mkono. "Kijana, usinipe jina la ugonjwa. Nipe dalili." Mdogo wangu akampa daftari. Alilisoma lote akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na alipomaliza akamuuliza, "Binti, hii ni kazi yako?" Kisha akaenda kuchukua geji.

Alifunga geji ya presha kwenye reli ya nozeli, bomba linalozigawia petroli, kwa mpira mrefu, akaitoa nje ya boneti na kuibana chini ya waipa ili tuisome kupitia kioo. Kamwe usiingize mpira wa petroli ndani ya gari. Akalisema hilo mara mbili. Na akaongeza kwamba asingefanya hivyo kwenye injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambako presha huzidi baa 100 (baa ni kipimo cha presha) na inaweza kukukata ngozi. Letu ni la mtindo wa zamani, linatakiwa liwe na baa 3.2 hivi. Likiwa limesimama: 3.2. Mimi nikasema, basi pampu ni nzima. Hakunijibu.

Akanyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko kilicho juu ya tangi, ikaonekana soketi ya umeme ya pampu. Bila kuitenganisha, akapenyeza ncha za mita nyuma ya pini zake na kuvuta waya mpaka kiti cha mbele. Nikamuuliza kwa nini asitoe soketi na kupima moja kwa moja, kama nilivyowahi kuona wengine wakifanya. Akaitoa, akapima: volti 12 na nukta tano, safi kabisa. Akairudisha. "Unaona? Waya hausemi kweli mpaka uubebeshe mzigo."

Nimeifikiria sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile. Soketi ikiwa wazi hakuna mkondo unaopita, na pasipo mkondo hata pini iliyoungua nusu hupitisha volti zote za betri. Ni lile lile la gari lililosimama pembeni ya barabara likinguruma vizuri, na lile lile la geji iliyoonyesha 3.2 gereji. Ukiacha zile namba za simu kule mlimani, vipimo vyote tulivyokuwa tumefanya tangu kilomita 212 tulivifanya vitu vikiwa vimepumzika.

Tukaenda mlimani watu watatu. Mimi nilishika usukani, mzee aliangalia geji chini ya waipa, mdogo wangu alishika mita. Tambarare: baa 3.2, volti 13.1. Mlima ulipoanza: 3.0, volti 12.2. Katikati ya mlima: 2.6, volti 11.4. Karibu na kilele, nguvu ikiwa imekwisha: baa 1.9, volti 10.7. Betri wakati huo, kwa mujibu wa simu, ilikuwa na volti 14.1. Volti zaidi ya 3 zilikuwa zinapotea njiani kati ya betri na pampu.

Tuliporudi alitafuta mahali zinapopotea, kipande kwa kipande, pampu ikiwa inafanya kazi. Betri mpaka rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha pampu: karibu hakuna. Rilei mpaka upande wa juu wa soketi: sehemu ndogo ya volti. Waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri: safi. Kutoka upande wa juu wa soketi mpaka upande wa chini, yaani ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba: volti 3 na ushei. Mkondo ulikuwa ampea 7. Zidisha mwenyewe: zaidi ya wati 20 za joto ndani ya kipande cha plastiki juu ya tangi la petroli. Alipokwisha kutoa kebo ya betri, kufungua milango yote na kuacha hewa ipite, akaitenganisha soketi na kunionyesha. Pini moja ilikuwa nyeusi, na plastiki iliyoizunguka imelainika na kubadilika rangi kuwa ya kahawia.

Nilikaa chini.

Hakubadilisha soketi peke yake, na sababu yake ilinishawishi. Pini iliyolegea huchemka, na ikichemka hulegea zaidi. Hilo linatosha kueleza kwa nini gari lilipona kila lilipopumzika. Lakini pampu iliyochoka huvuta mkondo mkubwa kuliko inavyostahili, na mkondo huo ndio ulioipika pini. Ukiweka soketi mpya kwenye pampu ile ile, umejipa muda tu. Ukiweka pampu mpya kwenye soketi iliyoungua, utairudisha pampu dukani ukisema ni feki. Akaweka vyote viwili, akakata waya mpaka alipokuta shaba inayong'aa, na alipofungua tangi akaangalia chujio na sakafu yake kwa tochi isiyotoa cheche. Palikuwa safi. Pampu mpya ilivuta ampea 5.

Kisha akanirudishia daftari na kuniambia nisimshukuru bado.

Nilimwelewa. Tukajaza tangi, tukaondoka, na gari likaenda vizuri, na safari hii hatukuandika chochote. Gari lilikuwa limewahi kwenda vizuri tangi likiwa limejaa. Tuliendelea mpaka mshale ukapita nusu, tukapita kituo cha mafuta bila kusimama, kisha kingine. Mdogo wangu alikuwa na simu mkononi. Mchana wa siku ya tatu, mafuta yakiwa robo, jua kali, tukaanza kupanda mlima mrefu kuliko yote ya safari ile kwa gia ya tano, na nikakanyaga mafuta mpaka mwisho nikaushikilia mguu pale.

Akasoma marekebisho ya mafuta: 3. Kisha 4. Kisha 3. Tulifika juu. Akaandika: "Saa 7:25. Kilomita 1,236. Gia ya tano, mlima mkubwa, robo tangi. Linavuta."